Majirani Wanaokutana Dar es Salaam: Historia ya Safari za Anga kati ya Mbeya na Iringa

Nyoosha uzi juu ya ramani kutoka Kiwanja cha Ndege cha Songwe, nje ya Jiji la Mbeya, hadi kiwanja cha Nduli, kaskazini mwa mji wa Iringa. Uzi huo utapima kilomita 306 hivi. Pangaboi aina ya Q400, zile ambazo Watanzania wengi wamezoea kuziita Bombardier, hupita mwendo wa kilomita 600 kwa saa zikishatulia angani. Ukiongeza muda wa kupanda na wa kushuka, safari hiyo haiwezi kuzidi dakika 45 kwa kiasi kikubwa. Basi kwa upande wake hupita Uyole, Chimala, Igawa, Makambako na Mafinga, kilomita zipatazo 330, na abiria akishuka Iringa, Ipogolo au stendi ya Igumbilo, amekwisha kukaa kitini saa sita au zaidi.

Hata hivyo, kwa miaka mingi mtu wa Mbeya aliyetaka kwenda Iringa kwa ndege ilimpasa kwanza aende Dar es Salaam. Songwe hadi Dar ni kilomita zinazokaribia 700, na Dar hadi Nduli ni karibu 400 za kurudi alikotoka. Jumla ni kama kilomita 1,100, zaidi ya mara tatu ya umbali wenyewe. Hesabu hiyo ina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo iliandikwa na watu ambao hawakuwa wakiifikiria Mbeya wala Iringa. Walikuwa wakifikiria London, Cape Town, Nairobi na Lusaka.

Siku za miguu

Iringa ndiyo kubwa kwa umri. Wajerumani walijenga boma lao hapo mwaka 1896, miaka miwili baada ya kuibomoa ngome ya Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, huko Kalenga. Wakati huo Mbeya haikuwapo kama mji. Kituo cha serikali upande wa kusini-magharibi kilikuwa Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, na msafara wa wapagazi kutoka Iringa kwenda huko ulikuwa kazi ya wiki mbili au zaidi. Mpagazi mwenye mzigo kichwani alitembea kilomita 20 au 25 kwa siku, na mvua zikinyesha alitembea pungufu ya hapo.

Mbeya ilizaliwa na dhahabu. Machimbo ya Lupa, karibu na Chunya, yalivuta watu katika miaka ya 1920, na mji ukaanzishwa mwaka 1927 chini ya mlima Loleza. Miaka mitano tu baadaye, mji huo mchanga uliingizwa kwenye ramani ya usafiri wa dunia, huku Iringa, dada yake mkubwa, ikiachwa kando.

1932: Mbeya yawa kituo cha London na Cape Town

Wazo la kuruka kutoka kaskazini hadi kusini mwa Afrika lilianza mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1919 Waingereza walituma vikosi vya kupima na kusafisha viwanja kutoka Misri hadi Afrika Kusini. Katika Tanganyika njia hiyo ya kwanza ilipita magharibi, kwa Tabora, na huko ndiko ilikovunjikia ndege ya Vickers Vimy iliyokodiwa na gazeti la The Times, mwezi Februari 1920. Rubani Alan Cobham alipofanya safari yake maarufu ya London hadi Cape Town mwaka 1925 na 1926, naye alishuka Tabora. Nyanda za Juu Kusini hazikuwa njiani.

Mambo yalibadilika kampuni ya Imperial Airways ilipoanza huduma ya kudumu. Februari 1931 ilifungua safari ya London hadi Mwanza, na Januari 1932 ikairefusha hadi Cape Town. Mstari sasa ulipita Kisumu na Nairobi, ukashuka Moshi, Dodoma na Mbeya, kisha ukavuka mpaka kwenda Mpika na Broken Hill, mji unaoitwa leo Kabwe. Kwanza zilibebwa barua, na kuanzia Aprili mwaka huo abiria. Safari nzima ilikuwa ya siku 11 hivi.

Mbeya ilichaguliwa kwa sababu ya mahali ilipo. Eropleni za siku zile hazikuweza kwenda mbali bila kujazwa mafuta. Hercules ya de Havilland, yenye injini tatu na nafasi ya abiria saba, ilikwenda kilomita 177 hivi kwa saa. Kutoka Dodoma hadi Mbeya ni kilomita 394 kwa mstari ulionyooka, na kwa mwendo huo ni saa mbili na robo angani. Baada ya hapo rubani alihitaji ardhi tambarare, mapipa ya petroli, na mtu wa kumwambia hali ya hewa ya mbele ikoje. Mbeya ikampa vyote vitatu. Kuanzia mwaka 1933 zikaja Atalanta, ndege za injini nne zilizobuniwa makusudi kwa viwanja vya Afrika vilivyo juu na vyenye joto. Zilijengwa nane tu.

Tuitazame Iringa katika mpango huo. Iko karibu kusini kabisa ya Dodoma, wakati Mbeya iko kusini-magharibi. Ndege zilizotoka Dodoma zilikata juu ya mbuga za Ruaha, kama kilomita 100 kutoka Iringa, na watu wa mji huo hawakuwa na sababu ya kuinua macho. Mtu wa Mbeya mwenye fedha, na wenye fedha hiyo walikuwa wachache sana na karibu wote wazungu, aliweza kuondoka kwenye kiwanja cha mjini kwake akafika London. Kufika Iringa ilimpasa apande gari na kupambana na tope la Great North Road.

Hapo ndipo desturi ilipoanza: anga ya Nyanda za Juu ilipangwa kwa ajili ya wapitao, na wenyeji walipata kilichobaki.

1937: Njia yahamia baharini

Kilichobaki hakikukaa sana. Serikali ya Uingereza iliamua kwamba barua zote za daraja la kwanza za himaya yake zisafirishwe kwa ndege, na Imperial Airways ikaagiza ndege kubwa za kutua majini. Ndege ya namna hiyo haihitaji njia ya kurukia. Inahitaji ziwa, mto au bandari iliyotulia. Katikati ya mwaka 1937 njia kuu ikahamishiwa pwani: kutoka Kisumu ikaelekea Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, kisha Msumbiji hadi Durban. Mbeya haina bahari, na kwa miezi michache tu ikawa imetoka kwenye njia ya dunia.

Haikuachwa kabisa. Wilson Airways ya Nairobi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ilichukua njia ya bara kwa ndege ndogo, ikiwaunganisha watu wa miji ya ndani na njia kuu iliyohamia mbali nao. Lakini Septemba 1939 vita vilipoanza, ndege na marubani wake walichukuliwa na jeshi, na kampuni haikufufuka tena. Jina lake limebaki kwenye kiwanja cha Wilson, Nairobi.

1946 hadi 1977: Miaka ambayo majirani walionana

Kama kuna kipindi ambacho Mbeya na Iringa ziliwahi kuwa vituo viwili vya mstari mmoja, ni hiki. East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lilianza kuruka mwezi Januari 1946 likiwa na ndege sita aina ya Dominie. Zilikuwa ndege za mbao na kitambaa zenye mabawa ya ghorofa, na zilibeba abiria wanane hivi. Baadaye zikaja Lodestar, kisha DC-3, ambayo ndiyo iliyoijua Tanganyika kuliko ndege nyingine yoyote ya wakati ule.

Shirika hilo lilifanya kazi kama basi la angani. Ndege haikuondoka mji mmoja kwenda mwingine na kurudi. Iliondoka asubuhi, ikashuka mji huu, ikapakua barua na magazeti, ikachukua daktari, mkulima wa chai au ofisa wa wilaya, ikaruka tena. Iringa na Mbeya zilikuwa ndani ya mnyororo huo. Kiwanja cha Mbeya wakati ule kilikuwa mjini kwenyewe, na kutoka hapo hadi Nduli ni kilomita kama 287. Dominie ilihitaji saa moja na dakika 20 hivi, DC-3 ilihitaji saa moja, na Fokker Friendship zilizonunuliwa mapema miaka ya 1960 zingeweza kuumaliza umbali huo kwa dakika 40 na ushei.

Muda wa kwenye karatasi ulikuwa jambo moja, na milima ilikuwa jambo lingine. Kiwanja cha zamani cha Mbeya kiko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake pamesimama Loleza na Kilele cha Mbeya chenye mita zaidi ya 2,800. Upande wa kusini ni Uporoto na Rungwe, wenye mita 2,960. Mahali palipo juu namna hiyo hewa ni nyepesi, bawa hupata hewa pungufu ya kulishikilia, na injini nayo hupungukiwa pumzi. Ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Jua la mchana likiongezeka, hewa hupungua uzito tena. Njia ya kurukia ya Mbeya ilikuwa na mita 1,500 hivi, kwa hiyo kila kilo iliyopakiwa ilikuwa na hesabu yake, na saa za asubuhi zilikuwa bora kuliko za alasiri.

DC-3 nayo haikuwa na uwezo wa kuhifadhi shinikizo la hewa ndani. Isingeweza kupanda juu kabisa ya hali ya hewa kama zifanyavyo ndege za leo. Ilipita katikati yake. Ikitoka Mbeya kuelekea Iringa ilikuwa na bonde la Usangu upande wa kushoto na milima ya Kipengere upande wa kulia, na hewa ya moto ipandayo kutoka bondeni ikikutana na ya baridi ishukayo milimani, abiria waliisikia tumboni.

Wakati huohuo ndege za mbali zilikuwa zimeacha kabisa kuihitaji mikoa hii. Mei 1952 ndege ya jeti ya Comet ilipoanza safari ya London hadi Johannesburg, ilitua Entebbe na kituo chake kilichofuata kilikuwa Livingstone. Safari ya siku 11 ilikuwa imekuwa ya siku moja hivi, na Tanganyika nzima ilirukwa.

1965: Lami inaishinda ndege

Tukio lililobadilisha mambo kuliko yote halikuhusu ndege za abiria hata kidogo. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini ilijitangazia uhuru. Zambia, iliyokuwa ikipitisha mafuta na shaba yake kusini, ikajikuta imezibwa pumzi. Mafuta yalianza kupelekwa kwa ndege, zikiwamo Britannia za jeshi la anga la Uingereza zilizoanzia Dar es Salaam. Ndege zinazobeba mapipa ya mafuta huku nazo zikinywa mafuta zilikuwa suluhisho la dharura tu. Mzigo ukahamia kwenye malori, na malori yakapita Iringa na Mbeya, kwenye barabara ya vumbi na tope iliyopewa jina la njia ya jehanamu na madereva waliozika wenzao kando yake.

Kutoka kwenye dhiki hiyo yalizaliwa mambo matatu. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia ikawekwa lami mapema miaka ya 1970. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 zilizojengwa kwa msaada wa China, ikakabidhiwa Julai 1976.

Kwa majirani wetu wawili, lami ndiyo iliyokuwa na maana kubwa. Reli ilipita Mlimba, Makambako na Mbeya, ikaiacha Iringa. Mtu wa Iringa aliyeitaka treni ilimpasa kwanza aende Makambako kwa gari. Lakini barabara iliwaunganisha moja kwa moja. Safari iliyokuwa ya siku nzima wakati wa kiangazi, na isiyojulikana mwisho wake wakati wa masika, ikawa ya saa za kuhesabika. Ndege ya masafa mafupi huishi kwa sababu barabara ni mbovu. Barabara ikitengemaa, abiria huhesabu upya: nauli, muda wa kwenda kiwanjani, muda wa kusubiri, na uwezekano kwamba ukungu utaifuta safari. Basi haliahirishwi kwa sababu ya ukungu.

Hili linastahili kusemwa kwa uzito, kwa sababu mara nyingi kufifia kwa safari za ndege za ndani huhesabiwa kuwa kosa la mashirika peke yake. Kati ya Mbeya na Iringa, sehemu ya kufifia huko ilikuwa tunda la mafanikio. Watu wengi zaidi, na kwa nauli wanayoimudu, waliweza kusafiri kati ya miji hii miwili kuliko wakati wowote ule wa eropleni.

1977 hadi 2012: Anga tupu

Mwanzoni mwa 1977 East African Airways ilianguka kwa madeni na ugomvi wa wanachama, na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikafuata mwaka huohuo. Tanzania iliunda Shirika la Ndege, ATC, tarehe 11 Machi 1977. Lilianza kwa Friendship na Twin Otter, likaongeza Boeing 737, na kwa muda likajitahidi kufika miji ya mikoani. Kisha fedha za kigeni zikakauka, vipuri vikawa shida, na vituo vidogo vikawa vya kwanza kukatwa. Ubia na South African Airways, iliyonunua asilimia 49 mwaka 2002, ulivunjika mwaka 2006. Desemba 2008 shirika likazuiwa kuruka baada ya kupoteza cheti chake.

Katika miaka hiyo kiwanja cha Mbeya kilizingirwa na mji uliokua kwa kasi, na njia yake fupi ilizikataa ndege kubwa. Nduli ilibaki na ndege ndogo, zikiwamo Cessna Caravan za injini moja za Auric Air zilizokwenda Dar es Salaam, na za watalii waendao Hifadhi ya Ruaha.

2012: Songwe

Suluhisho la Mbeya lilikuwa kuhama. Kiwanja kipya kilijengwa katika bonde la Songwe, magharibi mwa jiji, kwa kazi iliyochukua zaidi ya muongo mmoja, na Desemba 2012 kikaanza kupokea ndege. Kiko chini kwa zaidi ya mita 300 kuliko kile cha zamani, hivyo hewa yake ni nzito kidogo, na njia yake ya kurukia ina mita 3,330. Novemba 2013 kampuni ya Fastjet ilileta Airbus A319. Mtu aliyezoea kuipata Dar es Salaam baada ya siku nzima ya basi akawa anafika kwa saa moja na nusu. Baada ya serikali kununua Q400 mbili mwaka 2016 na kulifufua shirika la taifa, ambalo sasa huitwa ATCL, nalo likarejea Mbeya. Wasafiri wa Songwe wanaujua vizuri ukungu wa bondeni wakati wa mvua, ambao umewarudisha wengi walikotoka.

Songwe ina jambo ambalo ramani pekee ndiyo hulionyesha. Kwa kusogea magharibi, kiwanja cha Mbeya kilijisogeza mbali na Iringa. Kilomita 287 za DC-3 zikawa 306, na mtu wa katikati ya jiji akaongezewa mwendo wa gari wa zaidi ya kilomita 20 kabla hajaiona ndege. Kiwanja kilichoileta Dar karibu kilimsukuma jirani nje kidogo. Na tangu Mkoa wa Songwe uanzishwe mwaka 2016, wageni wengi hudhani kiwanja hicho kiko huko, ilhali kiko Mbeya.

Nduli, na mstari wa Dar

Zamu ya Iringa ilikuja baadaye. Nduli ilikarabatiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, njia yake ikarefushwa na kuwekwa lami mpya, na Q400 za ATCL zikawa zinatua hapo. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, ndege ya aina moja inaweza kutumika katika viwanja vyote viwili bila kupunguza abiria kwa ajili ya ufupi wa njia.

Uzi ule wa mwanzo sasa unyooshwe upya, safari hii kutoka Dar es Salaam hadi Songwe. Utapita kilomita 40 hivi kusini mwa Nduli. Iringa iko karibu kabisa juu ya mstari huo: ndege itokayo Dar ikitua Nduli kisha ikaendelea Songwe huongeza kilomita zisizofika 10 kwenye safari nzima. Umbali, basi, hauwezi kuwa kikwazo. Gharama iko katika kutua kwenyewe, kwa sababu pangaboi hunywa mafuta mengi zaidi ikipanda, injini na matairi huzeeka kwa idadi ya miruko kuliko kwa kilomita, na nusu saa iliyotumika kushusha abiria ni nusu saa iliyokatwa kwenye safari ya alasiri ya mji mwingine.

East African Airways ililipa gharama hiyo kwa sababu ilikuwa na barua za posta za kubeba, barabara mbovu chini yake, na serikali za nchi wanachama nyuma yake. Leo barua ziko kwenye simu na lami iko chini. Kilichopo badala yake ni chai ya Mufindi na maparachichi ya Njombe na Rungwe, wanafunzi wa vyuo vya Iringa na Mbeya, wagonjwa wanaopelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na watalii wa Ruaha ambao wangependa kuona maua ya Kitulo katika safari hiyohiyo. Wengi wao hupanda basi alfajiri. Wakifika Makambako, yumkini ndege ya asubuhi ya Dar imekwisha kupita juu ya milima ya Iringa, ikaanza kushuka Songwe.